Nyota nne kwa timu iliyonivuta taya la juu milimita 13

Nimesubiri miaka miwili na miezi miwili tangu upasuaji kabla ya kuandika haya. Ningeandika mwezi wa tatu baada ya upasuaji, fremu ya chuma iliyokuwa ikivuta taya imetoka kichwani na kila anayeniona ananipongeza, ningetoa nyota tano bila kufikiri. Ningeandika mwezi wa nne, siku mteja aliyenipigia simu aliponiomba nirudie jina langu mara tatu, ningetoa moja. Taya likisogezwa linahitaji muda ndipo ujue kama litakaa pale lilipowekwa. Langu limekaa, kwa hiyo sasa nasema.

Mimi ni fundi cherehani. Nilizaliwa na mdomo na kaakaa vilivyopasuka upande wa kushoto, mpasuko ukipita kwenye fizi na kwenda hadi nyuma kabisa. Mdomo ulishonwa nikiwa na miezi minne, kaakaa nikiwa na mwaka na miezi mitatu. Mishono hiyo ndiyo iliyonipa kula na kusema, na siilaumu hata kidogo. Lakini ukimshonea mtoto vazi bila kuacha akiba kwenye mshono, mtoto akikua vazi linavuta. Kovu la kaakaa ni hivyohivyo. Halinyooki kama nyama ya kawaida. Uso unakua, taya la chini linakua, la juu linabaki limeshikwa na kovu lake. Nilipofika miaka 14 meno yangu ya chini yalikuwa yamepita mbele ya yale ya juu. Kila fundi hukata uzi kwa meno ya mbele. Mimi niliukata kwa magego, nikigeuza kichwa pembeni ili wateja wasione.

Si kila aliyezaliwa na mpasuko hufika kwenye upasuaji huu. Wengi hutengenezwa kwa nyaya za meno tu. Hesabu inayotajwa mara nyingi, na ndiyo niliyopewa mimi, ni kwamba kama robo ya wenye mpasuko wa mdomo na kaakaa kwa pamoja huishia kuhitaji taya la juu lisogezwe. Kwa hiyo ninayoyaandika yanawahusu hao, na wazazi wao wanaoangalia picha za shule mwaka baada ya mwaka na kuona uso wa mtoto unaingia ndani katikati.

Nianze na kitu ambacho wakati ule kilinikasirisha na leo nakihesabu kuwa huduma bora kuliko zote nilizopata pale. Nilikwenda mara ya kwanza nikiwa na miaka 17, wakakataa kunipasua. Walinipiga eksirei ya uso kwa upande, wakaniambia nirudi baada ya mwaka mmoja na nusu nipigwe nyingine. Nililia mbele ya daktari. Niliporudi aliweka picha mbili moja juu ya nyingine kwenye taa, mstari wa taya la chini wa zamani na mpya, akanionyesha kuwa sasa haujasogea. Ile mara ya kwanza, alisema, asingekuwa na njia ya kujua. Taya la chini likiwa bado linakua, unalivuta la juu leo, baada ya miaka miwili la chini limelipita tena, na umepasuliwa bure. Ukimpata daktari anayekukubalia haraka ukiwa bado unaongezeka urefu, muulize ana picha ngapi na zimepishana muda gani.

Jambo jingine alilotazama ni kama mpasuko wa fizi uliwahi kujazwa mfupa. Nilifanyiwa nikiwa na miaka 10, mfupa mdogo ukatolewa kwenye nyonga na kupandwa kwenye fizi kabla jino la chonge halijashuka. Wakati ule nilichojua ni kwamba nyonga iliniuma kuliko mdomo. Kumbe kwa sababu ya mfupa ule, taya langu la juu lilikuwa kipande kimoja, na kipande kimoja husogezwa kwa usalama zaidi kuliko viwili vinavyocheza kila kimoja upande wake. Kama mtoto wako yuko kwenye umri wa miaka 8 hadi 11 na hakuna aliyewahi kukutajia mfupa wa fizi, uliza sasa.

Baada ya hapo nikakabidhiwa kwa daktari wa kupanga meno. Nyaya nilivaa miezi 16. Huyu mama (nasema mama kwa heshima, hanizidi miaka mingi) alinifanyia jambo ambalo ningetaka kila mtaalamu alifanye: alinionya mapema kwamba nitazidi kuharibika kabla ya kutengenezeka. Alichukua mfano wa plasta wa meno yangu, akanionyesha jinsi ya juu yalivyojilaza mbele na ya chini yalivyojilaza ndani, yote yakijaribu kukutana na kuficha pengo. Nyaya zingeyasimamisha wima, kila jino juu ya mfupa wake, na pengo halisi lingejitokeza. Lilijitokeza kweli. Lilikuwa milimita 6, likawa 9. Shangazi alipotutembelea aliuliza kwa nini tunawalipa watu waniharibu. Nilikuwa na jibu la kumpa, na kuwa na jibu kulinisaidia kuliko dawa.

Kisha ukaja uamuzi wa njia. Daktari wa upasuaji wa taya na uso alikaa nami saa nzima. Ukato wenyewe unaitwa Le Fort, kwa jina la Mfaransa René Le Fort, ambaye mwaka 1901 alichapisha matokeo ya kupiga vichwa vya maiti ili aone mifupa ya uso hupasukia wapi. Mstari wake wa kwanza unapita juu ya mizizi ya meno, chini ya pua, kutoka upande hadi upande. Madaktari wa leo wanakata kwa makusudi palepale ambapo ajali ingepasua. Taya la juu likishaachana na sehemu nyingine ya uso, kuna njia mbili. Ya kwanza, unalisogeza mbele siku hiyohiyo na kulifunga kwa vibati vidogo vya titaniamu na skrubu. Ya pili, unaliacha mahali pake, halafu unalivuta kidogo kidogo kila siku, na mwili unajaza mfupa mpya nyuma yake.

Njia ya kwanza inatosha kwa wengi, na kupona kwake ni kwepesi zaidi. Lakini kadiri umbali unavyokaribia milimita 10 na kuzidi, kovu la kaakaa linavuta kurudi nyuma kama lastiki, na taya linaweza kurudi. Kwangu pengo lilikuwa 9, na daktari alitaka kuongeza 4 za akiba kwa sababu alijua sehemu itarudi. Hapo tulielewana mara moja, kwa sababu hata mimi nikishona kitambaa kinachorudi kikifuliwa siwezi kukata kwa kipimo kamili. Jumla ikawa 13. Hiyo haisogezwi kwa siku moja kwenye kaakaa lenye makovu.

Kuvuta mfupa polepole kulianzia kwenye miguu na mikono. Ilizarov, daktari wa mji wa Kurgan huko Siberia, alianza miaka ya 1950. Mwaka 1992 daktari McCarthy na wenzake walitoa taarifa ya kuvuta taya la chini la binadamu, na mwaka 1997 Polley na Figueroa wa Chicago wakaeleza fremu ya nje ya kuvuta taya la juu, hasa kwa watu kama mimi. Nayataja haya kwa sababu watu wakiona fremu hudhani ni jaribio. Si jaribio.

Upasuaji wenyewe sina mengi ya kuusimulia, nililala. Saa tatu na nusu chini ya nusu kaputi, mrija wa hewa ukipita puani. Ukato wote ni ndani ya mdomo, juu ya fizi. Usoni hakuna kisu kilichopita. Nilipoamka pua ilikuwa inatoka damu iliyochanganyika na makamasi, na niliambiwa mapema kuwa itakuwa hivyo siku mbili tatu, kwa hiyo sikushtuka. Uvimbe ulifika kileleni siku ya tatu, macho yakabaki mistari miwili.

Wauguzi wa wodi ile nawapa nyota yao peke yao. Usiku wa kwanza kila saa mmoja wao alikuja na tochi, akainua mdomo wangu wa juu, akabonyeza fizi kwa kidole na kuhesabu kimyakimya hadi rangi ya waridi irudi. Asubuhi niliuliza. Muuguzi akanieleza kwamba taya likishakatwa linaishi kwa damu inayopita kwenye nyama ya kaakaa na ya mashavuni tu, na sisi wa mpasuko nyama hiyo tayari ina makovu, kwa hiyo fizi ikianza kupauka au kuwa ya bluu wanataka kujua ndani ya saa hiyo. Aliniambia pia kwamba ndiyo sababu daktari alisisitiza sana kuuliza kama navuta sigara. Hakuniambia kwa haraka haraka. Alikaa kwenye kiti.

Sasa fremu. Ni nusu duara ya chuma inayozunguka kichwa kutoka sikio hadi sikio, imeshikiliwa na skrubu fupi zinazokaza kwenye mfupa wa fuvu juu ya masikio. Mbele yake kunashuka mhimili mmoja katikati ya uso, na kutoka kwenye mhimili huo waya mbili zinaingia mdomoni na kushika bati lililofungwa kwenye meno ya juu. Ukigeuza skrubu ya mbele, waya zinavuta, taya linakuja. Siku tano za kwanza huguswi, mwili unaanza kuweka utando wa kwanza wa mfupa. Kuanzia siku ya sita ni nusu milimita asubuhi na nusu milimita jioni.

Mama yangu ndiye aliyegeuza. Alifundishwa wodini mbele ya muuguzi mara nne kabla hatujaruhusiwa kuondoka. Siku ya kwanza nyumbani mikono ilimtetemeka hadi ufunguo ukaanguka, nikamwambia, "Mama, pumua, mimi nahesabu." Nikahesabu. Ikawa desturi yetu, yeye anageuza, mimi nahesabu na kuandika kwenye daftari langu la vipimo, lile ninaloandikia mabega na viuno vya watu. Bado ninalo. Ukurasa mmoja una jina langu na safu ya nusu nusu 26.

Maumivu? Si ya kisu. Ni mgandamizo mzito nyuma ya kitako cha pua, unakuja dakika chache baada ya kugeuza na kukaa nusu saa. Siku ya tisa ya kugeuza meno ya juu na ya chini yakagusana ncha kwa ncha. Mama aliona kwanza, akanyamaza, akaenda kusimama dirishani. Siku ya kumi, Jumamosi usiku, waya wa kulia ukalegea. Tulipiga namba ya dharura tuliyopewa na daktari wa zamu akapokea mlio wa pili, akatuuliza maswali matatu, akatuambia tusigeuze tena na twende asubuhi. Jumapili asubuhi alikuwepo mtu anayejua fremu, akaukaza. Kwa kazi kama hii, namba inayopokewa Jumamosi usiku ni sehemu ya matibabu, na kabla hujasaini fomu popote nakushauri uipige namba hiyo uone nani anapokea.

Baada ya milimita 13 unaacha kugeuza, lakini fremu haitoki. Inabaki ikishikilia hadi mfupa mpya ugumu. Kwangu ilikuwa wiki nane. Hapa ndipo watu huvunjika moyo, maana hakuna tena kinachobadilika, kuna chuma tu. Kulala ni kwa kuegemea mito, uso juu. Chakula ni cha majimaji, kisha laini, na nilipungua kilo sita. Kupiga makamasi marufuku wiki za mwanzo. Huwezi kuvaa chochote kinachopitia kichwani. Hili la nguo hakuna karatasi yao iliyolitaja, nililifikiria mwenyewe siku chache kabla nikajishonea mashati manne yanayofunguka mbele hadi chini. Msichana niliyemkuta kliniki na fremu kama yangu alikuwa amekatwa fulana zake zote kwa mkasi. Nilimshonea mawili. Timu ile iandike mstari mmoja tu kwenye karatasi yake ya maandalizi: mashati ya vifungo.

Wiki ya tano skrubu moja juu ya sikio la kulia ilitoa usaha. Wakasafisha, wakanipa antibiotiki, ikatulia ndani ya siku nne. Kutoa fremu hakukuhitaji nusu kaputi, nilikaa kwenye kiti cha kliniki na ikawa dakika chache. Makovu yapo, madogo, chini ya nywele. Kisha nikavaa mkanda wa lastiki wa usoni usiku kwa wiki sita.

Matokeo kwa kipimo: taya lilikwenda milimita 13, likarudi 2 ndani ya mwaka wa kwanza, na tangu hapo halijasogea. Meno ya juu yanayafunika ya chini kwa milimita 2. Ni vile daktari alivyochora kabla. Mashavu chini ya macho yamejaa, mdomo wa juu umekuja mbele na sasa una kivuli chake, ncha ya pua imeinuka. Ganzi ya mashavu iliondoka polepole miezi kadhaa, imebaki sehemu ya ukubwa wa kifungo cha shati kando ya pua ya kushoto. Nakata uzi kwa meno ya mbele. Mara ya kwanza nilifanya hivyo nikiwa peke yangu kibandani na nikakata vipande vingine vitano bila kazi yoyote.

Kama ningeishia hapo, nyota zingekuwa tano. Nyota niliyoipunguza ni ya sauti.

Kaakaa laini, ile nyama ya nyuma yenye kimio, inaning'inia kwenye ukingo wa mfupa wa kaakaa. Ukiuvuta mfupa mbele, nyama inakwenda nao. Ukuta wa nyuma wa koo unabaki pale pale. Tunaposema "p" au "b" au "s", kaakaa laini linapaswa kuinuka na kugusa ukuta ule ili hewa isitokee puani. Mtu aliyezaliwa na kaakaa zima ana nyama ya kutosha, inanyooka na kuziba. Yetu imeshonwa, ni fupi, ina kovu. Ikivutwa milimita 13 inaweza isifike tena, na maneno yanaanza kutoka na king'ong'o. Hatari hii haimpati kila mtu, na yule ambaye tayari alikuwa anaziba kwa shida ndiye aliye karibu nayo zaidi. Inaweza kupimwa kabla.

Ilipimwa kabla, ila imechelewa. Kwenye ile saa nzima ya maelezo mazuri kuhusu mifupa, sauti ilipata sentensi moja: "Tutamwona pia mtaalamu wa matamshi." Nilimwona siku tisa kabla ya upasuaji. Alikuwa mtu makini sana. Alinifanya niseme "papa", "baba", kisha "sita, sitini, sitini na sita", akiwa ameweka kioo kidogo chini ya pua yangu kuona kama kinapata ukungu. Kilipata, kidogo. Akaingiza kamera nyembamba puani, akanigeuzia skrini nione mwenyewe koo langu likifunga. Akasema, bila kuzunguka, kwamba nafunga kwa kugusa tu, hakuna akiba, na kwamba mimi ni miongoni mwa wale ambao sauti inaweza kupungua.

Hebu fikiria unaambiwa hivyo baada ya miezi 16 ya nyaya zilizoongeza pengo makusudi, kitanda kimeshapangwa, mama ameshaomba ruhusa kazini. Kurudi nyuma si chaguo tena, ni jina la chaguo. Nilisaini. Naamini ningesaini hata kama ningeambiwa siku ya kwanza, kwa sababu uso ule na meno yale yalikuwa yananila maisha. Lakini ningesaini nikijua, na ningekuwa na mwaka mmoja na nusu wa kuzoea wazo hilo, badala ya siku tisa. Kipimo kile cha kamera hakina sababu ya kungoja nyaya zimalize kazi. Kingefanyika siku walipolinganisha eksirei mbili.

Kilichotokea kilikuwa na pande mbili, na napenda nizieleze zote kwa haki. "S" yangu ilinyooka. Zamani ulimi ulikuwa unatafuta pa kuegemea na hewa inapita pembeni. Meno yalipokutana, "sita" ikawa sita. Mama aliisikia kabla yangu. Lakini "p" na "b" zikalegea. Mwezi wa nne, uvimbe umekwisha kabisa, mtu asiyeniona, kwenye simu, hakunielewa nikisema "bei" wala "pindo". Kwenye kazi yangu hayo ndiyo maneno ninayosema kutwa. Nilianza kuwaandikia wateja ujumbe badala ya kuwapigia. Niliyekuwa nageuza kichwa nikikata uzi, sasa nilikuwa naficha sauti.

Nilirudi kwa mtaalamu wa matamshi mwezi wa sita na wa kumi na mbili. Sehemu ilirudi yenyewe. Asubuhi nasema vizuri, jioni nikichoka hewa inavuja. Kwenye skrini pengo linaonekana, dogo, upande wa kushoto. Alinisaidia kwa jambo ambalo nataka lisomwe na wengi: kupuliza mirija, maputo na mishumaa hakuzibi pengo la nyama. Nilikuwa nimeshatumia miezi miwili nikipuliza kila usiku kwa ushauri wa mtu mwingine. Mazoezi ya matamshi yanafundisha ulimi na midomo mahali sahihi pa kutamkia, hayarefushi kaakaa. Pengo la kweli linahitaji upasuaji wa nyuma ya koo, ambapo kipande cha nyama ya ukuta wa koo kinainuliwa na kushonwa kwenye kaakaa laini. Una gharama yake pia, unaweza kuleta kukoroma na pua kuhisi imeziba, na safari hii nimeambiwa haya kabla sijauliza. Nadhani waliisoma barua yangu ya malalamiko. Walinijibu ndani ya wiki mbili, barua ikiwa na sahihi ya daktari mwenyewe, na ilisema wamebadilisha mpangilio ili wagonjwa wa mpasuko wapimwe sauti kabla ya nyaya. Sina namna ya kuhakikisha, lakini yule msichana wa mashati mdogo wake ameanza safari hiyohiyo na alipimwa wa kwanza kabisa.

Mapokezi nayataja kwa kifupi kwa sababu bado yananiuma. Mara mbili niliitwa mbele ya ukumbi uliojaa kwa maneno "mdomo sungura, chumba cha nne". Nina jina. Liko juu ya faili kwa herufi kubwa. Watoto wamekaa pale na mama zao, wengine bado wana nyuzi za mshono wa kwanza mdomoni, na wanasikia. Daktari anaweza kufanya kazi ya miezi 16 na mtu wa mapokezi akaifuta kwa sekunde mbili. Nililieleza hili pia kwenye barua. Mara tatu zilizofuata niliitwa kwa jina.

Ningempeleka mtu wangu pale? Ndiyo, na nimeshapeleka wawili. Nawaambia wote jambo moja, kwamba wakifika wasikubali mazungumzo ya milimita za mfupa kabla ya kamera ya koo. Nawaambia pia wapange miaka, si miezi, na waende na mtu mwenye mikono ya kugeuza na moyo wa kustahimili kuona.

Pua yangu bado imepinda upande wa kushoto na daktari yuko tayari kuinyoosha, maana taya limetulia muda wa kutosha. Nimeiomba isubiri, nataka sauti kwanza. Upasuaji wa koo nimepangiwa mwezi ujao. Kwenye simu nina rekodi nne za ukurasa uleule wa daftari langu la oda, wenye "bei", "pindo", "pamba" na "bega", nikiusoma kabla ya upasuaji, mwezi wa nne, mwezi wa kumi na mbili, na juzi. Mtaalamu wa matamshi ameomba nakala. Nikishasoma ya tano nitarudi kuongeza maelezo hapa, na kama ile nyota inastahili kurudi, nitairudisha.